Nusukaputi kwa mtoto anayenyooshwa makengeza: hatua kwa hatua

Kwa daktari wa macho, kunyoosha makengeza ni kazi ndogo. Anafungua ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, anapitisha kulabu chini ya msuli, anaukata na kuushonea nyuma zaidi au anaufupisha, kisha anafunga. Damu ni matone. Mtoto mwenyewe mara nyingi ni mzima, ameingia hospitali akikimbia. Ndiyo maana mtu wa usingizi anaweza kujisahau, na kujisahau hapa ni hatari: moyo wa mtoto huyu unaweza kusimama kwa sababu tu msuli wa jicho umevutwa, na asipokingwa, uwezekano wa kutapika unazidi nusu.

Mwongozo huu ni wa maafisa na wauguzi wa usingizi pamoja na madaktari wanaolaza watoto. Dozi zimeandikwa kwa kilo. Zilinganishe na mwongozo wa hospitali yako na maandishi ya ampuli uliyoishika mkononi, maana dawa ileile huja na nguvu tofauti.

Mchunguze mtoto kabla ya siku yenyewe

Anza na mizani. Usimuulize mama uzito wa kliniki ya miezi mitatu iliyopita, wala usikadirie kwa macho. Hesabu ya umri jumlisha 4 mara 2 ni ya dharura tu. Upasuaji huu hauna dharura.

Kisha jiulize kwa nini mtoto huyu ana makengeza. Wengi hawana ugonjwa mwingine wowote. Lakini makengeza huwapata zaidi waliozaliwa njiti, wenye mtindio wa ubongo, wenye ugonjwa wa Down, wenye maji kichwani, wenye maumbile tofauti ya fuvu na uso, na wachache wenye magonjwa ya misuli. Kila kundi lina habari yake:

- Mwenye Down: sikiliza moyo, na ukisikia mvumo apimwe kwa ekokadiogramu (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla hujampangia tarehe. Shingo yake usiikunje wala kuigeuza kwa nguvu, kwa kuwa mishipa inayoshika pingili za juu huwa imelegea. Tarajia mapigo kushuka mapema unapomlaza kwa sevoflureni, gesi ya usingizi.
- Mwenye mtindio wa ubongo: mate mengi, chakula kurudi kooni, na mara nyingi dawa za kifafa. Dawa za kifafa za asubuhi anywe kama kawaida, kwa maji kidogo.
- Aliyechelewa kutembea, au anayejiinua kutoka chini kwa kujishika magoti na mapaja kwa mikono: shuku ugonjwa wa misuli. Huyu hapewi suksamethonia (dawa ya kulegeza misuli haraka), na gesi za usingizi pia ziepukwe. Apelekwe kituo chenye propofoli (dawa ya usingizi ya mshipa) ya dripu na mtaalamu aliyewahi kulaza watoto wa aina hii.

Kuna makengeza ya namna mbili ambayo hayapaswi kufika kwenye meza ya kunyooshwa kabla ya uchunguzi mwingine. La kwanza ni lililoanza ghafla, pamoja na kuumwa kichwa au kutapika asubuhi: hapo shinikizo ndani ya fuvu linaweza kuwa limepanda, na usingizi utalizidisha. La pili ni jicho linalong'aa weupe katikati ya mboni, hasa kwenye picha ya simu yenye mwanga. Hiyo inaweza kuwa saratani ya retina, na makengeza ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Hakikisha faili lina maandishi kwamba mboni ilipanuliwa na nyuma ya jicho ikaonekana. Hayapo, uliza. Swali hilo si la daktari wa macho peke yake.

Muulize mzazi maswali mawili kwa maneno ya kawaida. "Mama, kuna mtu yeyote kwenye ukoo, upande wako au wa baba, aliyefariki au kupata homa kali akiwa amelazwa kwa upasuaji?" Na: "Wewe mwenyewe, au ndugu zake huyu, mliwahi kutapika sana baada ya upasuaji?" Jibu la kwanza linakueleza dawa za kuepuka. Jibu la pili linakueleza kinga ya kutapika iwe nzito kiasi gani.

Mafua ni tatizo la kila siku. Kamasi nyepesi bila homa, kifua safi, mtoto anacheza: unaweza kuendelea ukijiandaa kwa koo kubana. Homa, kamasi nzito, kikohozi chenye makohozi au kifua kinacholia: ahirisha wiki 2 hadi 4. Mwenye homa apimwe malaria. Mwenye seli mundu apimwe damu, asikae na kiu, asipate baridi. Familia iliyosafiri kutoka mbali hadi hospitali kama KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam au Kikuyu ya Kenya itaumia kuambiwa warudi baadaye, na ni haki yao kuelezwa vizuri kwa nini. Hata hivyo makengeza yanasubiri.

Kufunga kula: taja saa ya ukutani

Kanuni ni hii: chakula, uji, maziwa ya ng'ombe na ya kopo, muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama, saa 4, vinywaji vinavyopitisha mwanga, saa 2. Vituo vingi sasa vinaruhusu maji hadi saa 1 kabla, nasi tunaona ni jambo jema, maana mtoto mwenye kiu huamka na kichefuchefu na mshipa wake haupatikani.

Kwa lugha yetu kuna mtego. Ukimwambia mama "asile saa sita kabla", wapo watakaoelewa saa sita usiku, na wapo watakaoelewa saa sita mchana. Taja saa ya kwenye ukuta. Kama usingizi unaanza saa 2 asubuhi: uji na chakula mwisho saa 8 usiku, kunyonya mwisho saa 10 alfajiri, maji mwisho saa 12 asubuhi. Mwandikie kwenye karatasi.

Taja pia majina ya vinywaji. Maji, chai ya rangi isiyo na maziwa na maji ya dafu yaliyochujwa ni vinywaji vinavyopitisha mwanga. Juisi ya embe, ya parachichi, chai ya maziwa na uji mwepesi kiasi chochote ni chakula. "Kauji kepesi tu" ndiko kanakoahirisha orodha ya asubuhi.

Meza yako, mfano wa kilo 15

Mtoto wa miaka 4, kilo 15. Kila kitu kiwe kimevutwa na kuandikwa kabla hajaingia.

Atropini, dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, kwanza. Ampuli ya 1 mg kwa 1 ml: ongeza 9 ml za maji ya chumvi upate mikrogramu 100 kwa kila ml. Ampuli ya 0.6 mg: ongeza hadi ifike 6 ml, nguvu ni ileile. Dozi ya mikrogramu 20 kwa kilo ni mikrogramu 300, yaani 3 ml. Kiwango cha juu kwa mara moja ni mikrogramu 600.

Adrenalini 1 mg ndani ya 10 ml: dozi ya moyo uliosimama ni 0.1 ml kwa kilo, hapa 1.5 ml. Suksamethonia 100 mg ndani ya 10 ml: 2 mg kwa kilo ni 3 ml, kwa ajili ya koo kubana tu. Bomba la atropini na la suksamethonia kwa mtoto huyu yote yanasoma 3 ml, kwa hiyo yabandike lebo za rangi tofauti na uyaweke pande tofauti za trei. Makosa ya namna hii hutokea pale moyo umeshuka na mkono unatetemeka.

Propofoli 3 mg kwa kilo: 45 mg, yaani 4.5 ml. Deksamethasoni 0.15 mg kwa kilo: 2.25 mg. Ondansetroni 0.1 mg kwa kilo: 1.5 mg, yaani 0.75 ml ya dawa yenye 2 mg kwa ml. Paracetamoli ya mshipa 15 mg kwa kilo: 225 mg, yaani 22.5 ml, ile chupa ya 100 ml usiitundike nzima kwenye dripu ya mtoto, vuta kiasi chake kwa bomba.

LMA (barakoa ndogo ya kupitisha hewa inayokaa kooni) namba 2 ni ya kilo 10 hadi 20, namba 2.5 ni ya 20 hadi 30. Mrija wa koo usio na puto ni umri gawa kwa 4 jumlisha 4, kwa huyu ni 5.0, wenye puto ni 4.5. Weka na wa nusu saizi chini na juu. Kina mdomoni ni umri gawa kwa 2 jumlisha 12, yaani sentimita 14.

Washa sauti ya oksimita (kipimo cha oksijeni na mapigo), uiongeze hadi uisikie ukiwa umegeuka. Kengele ya mapigo ya chini iweke 80. Kapnografu (kipimo cha kaboni dioksidi ya pumzi) ikiwepo ni lazima itumike, na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) pia. Kama monita yako haina ECG, bandika stethoskopu kifuani kwa plasta, yenye mpira mrefu unaokufikia sikioni.

Kumlaza

Mtoto mwenye makengeza ameshapitia mikono mingi ya watu wa macho: matone, tochi, viraka. Anajua kitu kinachosogea usoni mwake kitamuudhi, kwa hiyo barakoa ataipiga. Mzazi abaki naye hadi alale. Anayeogopa sana apewe midazolamu ya kunywa 0.5 mg kwa kilo, isizidi 15 mg, dakika 20 hadi 30 kabla. Ile ya sindano ikichanganywa na juisi kidogo ya kupitisha mwanga inafaa, ni chungu tu.

Sevoflureni na oksijeni ni njia tulivu zaidi. Pale ambapo ipo halotheni tu, panda taratibu kwa nusu asilimia kila baada ya pumzi chache, usizidi 3 hadi 4, na ushuke mara tu kanula inapoingia. Halotheni inashusha mapigo yenyewe na inaufanya moyo uwe mwepesi kuchachamaa kwa adrenalini. Mwambie daktari wa macho mnatumia gesi gani kabla hajadondosha matone yake.

Ketamini inahitaji neno lake. Ipo kila mahali na haishushi mapigo kama nyingine. Lakini jicho linachezacheza, mate yanajaa, na kutapika kunaongezeka. Daktari hawezi kupima msuli kwenye jicho lisilotulia. Kama huna zaidi ya hiyo, itumie kumlaza, 1 hadi 2 mg kwa kilo kwenye mshipa, kisha weka mrija na uendelee kwa gesi. Upasuaji mzima kwa ketamini peke yake, njia ya hewa ikiwa haijakingwa chini ya shuka, hatuushauri.

Suksamethonia usiitumie kuweka mrija. Misuli ya jicho ina tabia yake: misuli mingine ikilegea kwa dawa hii, ya jicho inakaza. Shinikizo ndani ya jicho linapanda, na kile kipimo cha daktari cha kuvuta jicho kwa koleo ili aone kama msuli umekakamaa kinatoa jibu la uongo kwa dakika 15 hadi 20. Ukihitaji kulegeza misuli, tumia atrakuriamu 0.5 mg kwa kilo au vekuroniamu 0.1 mg kwa kilo.

LMA au mrija? LMA inayopindika inatosha kwa mtoto mzima ambaye umeshahakikisha inakaa vizuri. Lakini kumbuka kwamba shuka likishafunikwa, kichwa ni cha daktari. LMA ikiteleza katikati ya kushona, mtafunua jicho lililo wazi ili uirudishe. Kwa mtoto mdogo, kwa misuli mingi, au kwa mtu ambaye bado anajifunza, mrija ndio salama. Mrija uliopinda kuelekea kidevuni ni mzuri ila mkunjo wake huamua kina: sikiliza kifua pande zote mbili baada ya kuufunga, maana kwa mtoto mfupi huingia pafu la kulia. Funga katikati ya mdomo wa chini, plasta isivute shavu wala kope.

Kanula iwe mahali unapoweza kupafikia. Mkono ukishafungwa chini ya shuka umeupoteza. Weka mpira wa nyongeza wenye tapu ya njia tatu na uulete hadi kwako, au choma mguuni.

Jambo moja la mwisho kabla ya kisu: oksijeni isivuje chini ya shuka. Kama daktari anatumia mashine ya kuchoma mishipa, oksijeni iliyojikusanya usoni inalisha moto. Punguza oksijeni hadi kiwango kinachotosha, na hakikisha hakuna upepo unaotoka pembeni mwa LMA.

Kulabu inapoingia

Hiki ndicho kiini. Refleksi ya jicho na moyo ilielezwa mwaka 1908 na madaktari Aschner na Dagnini, kila mmoja kivyake. Kuvutwa kwa msuli au kubanwa kwa jicho kunapeleka ujumbe kwa neva ya trijemina hadi kwenye ubongo. Jibu linarudi kwa neva ya vagasi moja kwa moja hadi moyoni: punguza mwendo. Kwa watoto vagasi ina nguvu, kwa hiyo jibu ni kali. Msuli wa upande wa pua ndio unaojulikana zaidi kuiamsha, ingawa wowote unaweza.

Unavyoiona: mlio wa oksimita unakwenda haraka, 115, 118. Daktari anapitisha kulabu. Mlio unachelewa, unachelewa tena, kisha kuna pengo. Unatazama monita: 62, mara 48. Yote hayo ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana sauti lazima iwepo. Macho yako yanaweza kuwa kwenye karatasi ya kumbukumbu, sikio halifungwi.

Kabla ya kulabu, mambo matatu yawe sawa, kwa sababu yakiharibika refleksi inakuwa kali zaidi: usingizi uwe mzito wa kutosha, oksijeni ya damu iwe juu, na hewa chafu isijikusanye. La tatu linasahaulika sana. Mtoto anayejipumulia mwenyewe kwa halotheni kupitia LMA anaonekana mtulivu, kumbe kaboni dioksidi inapanda kila dakika. Msaidie kupumua na uiweke kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Kubalianeni pia na daktari: atataja kwa sauti kila anaposhika msuli, na ukisema neno moja anaachia bila swali. Msuli ukivutwa polepole, moyo hushtuka kidogo kuliko ukivutwa kwa ghafla.

Mapigo yakishuka zaidi ya moja ya tano ya yalivyokuwa:

1. "Dokta, achia!" Sema hivyo, usinong'one. Mara nyingi moyo unarudi wenyewe ndani ya sekunde 10 hadi 20, na hiyo ndiyo tiba.
2. Wakati unasubiri, angalia pumzi, oksijeni na uzito wa usingizi. Rekebisha kilichopungua.
3. Yakirudi, mruhusu aendelee taratibu. Mvuto wa pili na wa tatu mara nyingi hupata jibu dogo zaidi, refleksi inachoka.
4. Yasiporudi, au yakishuka kila akigusa: atropini mikrogramu 10 hadi 20 kwa kilo kwenye mshipa, ikifuatwa na 5 ml hadi 10 ml za maji ya kuisukuma. Moyo unaokwenda polepole hausafirishi dawa iliyobaki kwenye mpira.
5. Moyo umesimama, au uko chini ya 60 na mtoto amepauka: kandamiza kifua, 15 kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, na adrenalini mikrogramu 10 kwa kilo. Shuka liondolewe. Jicho litangoja.

Usimpe atropini huku kulabu bado inavuta. Chini ya halotheni hasa, moyo uliobanwa na vagasi ukichochewa ghafla unaweza kuruka kwenye mapigo ya ovyo. Achia kwanza.

Je, atropini itolewe kabla, kama kinga? Hapa wataalamu hawakubaliani. Maoni yetu: penye monita kamili, mrija, na daktari mtulivu, unaweza kungoja ukiwa na bomba mkononi. Penye halotheni, bila ECG, au daktari akiwa bado anajifunza, toa mikrogramu 20 kwa kilo kwenye mshipa baada ya kumlaza, kabla shuka halijafunikwa. Atropini ya msuli wodini saa nzima kabla haifai kwa kazi hii. Kulabu inapoingia nguvu yake imeshapungua, na mtoto amebaki na kinywa kikavu na uso mwekundu. Ukishaitoa, ujue mapigo ya 150 si lazima yawe ya usingizi mwepesi.

Matone ya tetrakaini kabla ya kukata, au ganzi anayoiweka daktari chini ya utando wa Tenon (unaolizunguka jicho), yanapunguza refleksi, maumivu na kutapika kwa pamoja. Ni kitu rahisi ambacho vyumba vingi vya upasuaji havikitumii. Bupivakaini isizidi 2 mg kwa kilo.

Kuna mapigo ya chini yanayofanana na haya lakini si haya. Daktari akidondosha fenilefrini nyingi ili kukausha damu, dawa inanyonywa kupitia jicho na pua, shinikizo la damu linapanda sana, na moyo unapungua kwa kujibu. Pima shinikizo kabla hujavuta atropini. Liko juu? Futa matone, ongeza usingizi, subiri dakika chache. Usitoe dawa za kundi la beta-bloka (zinazopunguza nguvu na kasi ya moyo) kushusha shinikizo hilo. Moyo unaweza kushindwa kusukuma na mapafu yakajaa maji. Fenilefrini ya watoto ni asilimia 2.5, kamwe si 10.

Homa kali ya nusukaputi

Hii ni hatari ya kurithi: misuli ya mtu huchochewa na gesi za usingizi au suksamethonia hadi mwili unachemka. Zamani makengeza yalihesabiwa karibu kama dalili ya hatari hii. Leo uhusiano huo hauchukuliwi kuwa na nguvu kwa mtoto asiye na ugonjwa wa misuli wala historia ya ukoo, na gesi hazikatazwi. Ila taya kukakamaa baada ya suksamethonia, kaboni dioksidi inayopanda ingawa unapumulia vizuri, na mapigo ya kasi bila sababu ndizo dalili za mapema. Joto huja baadaye. Zima gesi, toa oksijeni kamili kwa wingi, mwambie daktari amalize, ita msaada, poza mwili. Dawa yake, dantrolini, ni 2.5 mg kwa kilo kwa kuanzia. Ile ya kichupa cha 20 mg huyeyushwa kwa 60 ml za maji safi ya sindano, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anahitaji vichupa viwili na watu wawili wa kutikisa. Kama hospitali yako haina, jua leo ni ipi ya karibu iliyo nayo.

Kutapika

Mtafiti Eberhart na wenzake walitengeneza mwaka 2004 kipimo cha mambo manne: upasuaji wa dakika 30 au zaidi, umri wa miaka 3 au zaidi, upasuaji wa makengeza wenyewe, na historia ya kutapika kwa mtoto, mzazi au ndugu. Mawili yakiwepo uwezekano ni kama asilimia 30, matatu 55, yote manne 70. Mtoto wetu wa miaka 4, upasuaji ukifika dakika 30, tayari ana matatu kabla hujafungua faili la ukoo. Kwa hiyo kinga ya dawa mbili ndiyo ya kawaida hapa: deksamethasoni akishalala (akiwa macho inamuwasha sehemu za siri vibaya sana), na ondansetroni kabla ya kumaliza, isizidi 4 mg.

Mengine yasiyo na gharama: usitumie gesi ya naitrasi. Punguza mofini na jamii yake kadiri uwezavyo. Mpe maji ya dripu ya Ringa ya kutosha, 20 hadi 30 ml kwa kilo, yaani 300 hadi 450 ml kwa kilo 15, ila si kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo. Propofoli ya dripu inapunguza kutapika lakini inaacha refleksi ya moyo ikiwa kali zaidi, hivyo atropini iwe karibu. Na asilazimishwe kunywa ili "apitishwe" kwenda nyumbani. Anywe akiomba.

Akitapika hata hivyo, usirudie ondansetroni kabla ya muda wa saa 6 kupita. Chagua dawa ya kundi jingine. Promethazini asipewe mwenye umri chini ya miaka 2.

Maumivu na kuamka

Paracetamoli na ibuprofeni 10 mg kwa kilo, au diklofenaki ya njia ya haja 1 mg kwa kilo, pamoja na matone ya ganzi, zinatosha wengi. Fentanili (ya jamii ya mofini) nusu hadi mikrogramu 1 kwa kilo inatosha kuziba pengo. Kodeini isitolewe kwa walio chini ya miaka 12.

Kabla ya kuamsha, fyonza koo ukiangalia kwa laringoskopu (chombo cha kutazamia koo), kwa upole. Damu na matone ya jicho hushuka kupitia njia ya machozi hadi puani na kooni, na tone moja juu ya nyuzi za sauti linatosha kubana koo. Toa mrija akiwa amelala fofofo au akiwa macho kabisa. Kati ya hapo usiguse. Koo likibana: oksijeni kamili, barakoa iliyokaza, taya mbele, propofoli nusu hadi 1 mg kwa kilo. Likikataa, suksamethonia 1 hadi 2 mg kwa kilo na atropini pamoja. Bila mshipa, 4 mg kwa kilo kwenye msuli.

Mtoto mdogo huamka akipiga kelele, hasa baada ya sevoflureni, na akikuta macho yote mawili yamefungwa anadhani amepofuka. Zungumza na daktari asiyafunge yote bila sababu. Propofoli 1 mg kwa kilo mwishoni inatuliza kuamka. Mama aitwe mapema, sauti yake iwe ya kwanza kusikika, na mikono ya mtoto ishikwe isifike jichoni.

Kuondoka

Aende akiwa macho kamili, maumivu yametulia, hajatapika kwa muda wa saa 2, na anayemchukua ameelewa. Aliyezaliwa njiti na bado hajafikisha wiki 60 tangu kutungwa mimba alale hospitali apimwe pumzi usiku kucha. Anayerudi kwa basi la saa nyingi asisafiri siku hiyo. Mtikisiko wa gari humrudishia kutapika, na njiani hakuna wa kumpa dripu.

Mweleze mama: machozi yenye rangi ya damu siku moja au mbili ni kawaida, jicho jekundu kwa wiki kadhaa ni kawaida. Arudi mara moja akiona anatapika kila anachokunywa, halali kwa maumivu ingawa amepewa dawa, ana homa, kope zimevimba na usaha unatoka, au anasema haoni. Paracetamoli ya siku mbili za kwanza aitoe kila baada ya saa 6 bila kungoja alie, na kipimo cha ml kiandikwe kwenye chupa yenyewe.